Kiti cha Ngozi ya Mzoga

Kerrow, rafiki yangu dereva wa lori hapa Garissa, si mtu wa kuzua mambo. Haya alinieleza siku aliyokataa kula nyama nyumbani kwangu.

Mwaka 1951 kiti cha lori lake kilichanika hadi springi zikawa zinamchoma. Akaamua kukivisha upya nyumbani, kwa ngozi ya ngamia aliyemkuta amekufa njia ya Liboi.

"Huyo hakuchinjwa," mkewe Osob alimwambia. "Ni mzoga."

"Nitaikalia, sitaila."

Aliianika wiki nzima hadi ikakauka kama ubao, akailainisha kwa samli, akaanza kuishona. Kila sindano ilipopenya, ngozi ilitoa sauti kama koo linalomeza. Ikanuka maziwa yaliyooza. Alitapika mara mbili, akaendelea.

Adhuhuri aliporudi kutoka msikitini, aliona punje za kijivu zimejipanga kwenye mishono. Kupe. Kila mfugaji anajua kupe huukimbia mzoga ukipoa. Hawa walikuwa wameng'ang'ania, wamevimba kama tende. Akamminya mmoja kwa kucha.

Damu iliyomchirizika kidoleni ilikuwa bado ina joto.