Hedifoni za Kuzima Kelele

Haya yalimpata rafiki yangu Zulaika wa Bugembe. Alikuwa na safari ndefu ya ndege, akaingia duka moja mjini Jinja kutafuta hedifoni za kuzima kelele. Wasike, mwenye duka, akamvalisha hedifoni bila hata kuziunganisha na simu.

Jenereta ya mlangoni ikanyamaza. Bodaboda zikanyamaza. Zulaika akafumba macho, na katika kimya kile akamsikia bibi yake, waliyemzika Mbale, akimwita.

“Abee, bibi!” akaitika, kabla ya kukumbuka kwamba kwao haiitikiwi sauti ya mtu asiyeonekana. Akazivua upesi.

“Mbovu?” Wasike akazivaa mwenyewe, akasikiliza kwa muda.

“Dada, Zulaika ni nani? Kuna mama mzee anauliza, mbona ameitika halafu haji?”