Ua wa Minyaa Ulioniachia Jicho Moja

Mimi ni mtu wa makamo, umri wangu yapata miaka arobaini na mitano, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Shule nilikwenda mpaka nikajua kusoma na kuandika, basi, nikaiacha. Lakini waulizeni watu wa Kitangari ni nani aliyeezeka bati la kwanza upande ule wa kijiji. Watawatajia mimi. Sikurithi hata jembe. Nilikata mkonge Lindi, nikang'oa visiki kwenye mashamba ya karanga Nachingwea, viganja vikawa kama gome la mkorosho, ndipo nikawa mtu.

Leo ninaandika haya kwa jicho moja. La kushoto limekufa... na aliyeliacha life ni mke wangu mwenyewe.

Nilimwoa Mama Agnesi huko Kitangari. Kwa desturi ya kule juu Newala, mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Ardhi ni ya ukoo wa mke. Watoto nao, mwenye sauti juu yao ni mjomba wao, na mjomba wa wanangu ni Matiasi, kaka mkubwa wa mke wangu. Lakini nyumba niliijenga mimi. Je, mtu akijenga nyumba kwa jasho lake, uani kwake si kwake? Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Nyuma ya nyumba palikuwa na ua wa minyaa, ile mimea ya vijiti vya kijani ambayo ukiivunja inatoa utomvu mweupe, na utomvu wenyewe ukiingia machoni ni hatari. Mama mkwe aliipanda kwa mkono wake kabla hajafariki. Sasa ilikuwa imezeeka, ina mapengo, mbuzi wa watu wanaingia mpaka jikoni. Nikaleta seng'enge kutoka Nachingwea, waya wa miiba hasa, kama wa Wazungu. Nikachonga nguzo.

Kule, ua uliopandwa na mama wa ukoo haukatwi ovyo. Kaka wa mke ndiye anayekata mti wa kwanza, wengine wafuate. Mke wangu alinikumbusha.

"Baba Agnesi, mngoje kaka. Yuko shamba, kesho kutwa atarudi."

"Nguzo nimechonga mimi, mashimo nachimba mimi," nikamwambia. "Nimngoje aje afanye nini? Apige chafya?"

Akarudi jikoni kwake.

Asubuhi nikashika panga. Jua lilipopanda, upande mzima ulikuwa chini, utomvu unachuruzika. Nikachukua mtaimbo, nikaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Sijui nani alimpelekea habari Matiasi. Nilimwona tu amesimama juu ya ile minyaa, panga kwapani, hakunisalimu. Majirani wakaanza kukusanyika.

"Shemeji, umemkata mama yangu," akasema.

"Nimekata vijiti."

"Nani kakupa ruhusa?"

"Lile bati pale juu ndilo limenipa."

Watu wakacheka. Matiasi akatazama paa, akanitazama mimi.

"Bati hilo utalibeba kichwani urudi nalo Lupaso. Hapa ulikuja na kaptula moja, tena imetoboka nyuma. Dada yangu ndiye aliyekushonea kiraka."

Wakacheka zaidi, na sasa nilikuwa nachekwa mimi. Mimi, mwenye nyumba ya bati! Nikaona giza. Nikamsukuma, panga lake likaanguka. Akanikaba shingo, tukaanguka wote juu ya minyaa, tukagaragara. Akaokota tawi lililovunjika, linachuruzika, akanichapa nalo usoni. Akanichapa tena.

Ndugu wasomaji... pilipili ni sukari. Ni kama mtu amekupakulia makaa akayaweka nyuma ya kope. Nikapapasa chini, mkono ukakutana na mtaimbo. Nikapiga pale nilipomsikia anahema. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Baadaye niliambiwa mguu ulivunjika chini ya goti, mfupa ukatokeza nje, na damu ilikuwa inaruka.

Nikaita maji.

Nani hayajui maji ya Kitangari wakati wa kiangazi? Wanawake wanateremka bondeni alfajiri na kuupanda mlima na mtungi mmoja kichwani. Siku ile nyumbani palikuwa na mtungi mmoja tu. Nilimsikia Mama Agnesi akiutoa jikoni. Nikamwinulia uso, nikangoja. Nikasikia maji yanamwagika... si kwangu. Alikuwa anaosha mguu wa kaka yake.

"Mama Agnesi, macho yangu."

"Ngoja."

"Yanaungua."

"Nimesema ngoja. Huyu anakufa."

Maji yakaisha. Majirani walipoyapata kwingine, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha.

Tulipakiwa lori moja kwenda hospitali, mimi na Matiasi, bega kwa bega. Kila lori liliporuka shimo alipiga yowe, na mimi katika giza langu nilikuwa nafurahi.

Mke wangu alitufuata na chakula. Nikamwuliza kwa nini. Hakulia. Akaniambia, "Kaka akifa, Agnesi na wadogo zake watasimama nyuma ya nani? Wewe ungechukua bati lako ukaenda."



Jumbe na wazee wakakata shauri: ardhi ni ya ukoo, nimempiga mwenye ukoo kwa chuma, ning'oe bati langu niondoke. Niliondoka, lakini sikung'oa hata moja. Wanangu wanalala chini yake, nami si mwanamume wa kuwanyeshea watoto mvua. Sasa niko Mkomaindo, huku kwetu Masasi, nauza nguo, nimejenga tena. Sijashindwa na maisha. Mama Agnesi hajafika hapa hata kunisalimu.

Ninyi vijana mnaorudi kutoka mkongeni na nguvu zenu, nawasihi. Msikate hata kijiti uani kwa wakwe kabla mwenyewe hajawatangulia na panga lake. Mngojeni, hata akichelewa. Na akija akawatukana mbele ya watu, akataja mpaka kaptula zenu, wekeni chini mlichoshika, mwingie ndani. Mtalala mmechekwa, ndiyo. Lakini asubuhi mtaamka na macho yenu mawili, na mke mtamsikia yuko jikoni.