Siku Bendi Ilipokwenda Vwawa Bila Daktari

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya kutoka shuleni ilipolia, Atuganile hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikaza kamba za viatu, akapita mbio kando ya foleni ndefu ya malori yaliyosubiri kuvuka mpaka kuingia Zambia, akakata uchochoro nyuma ya maduka ya vitenge na kufika kwenye ukumbi wa kata akihema. Alitaka kuwahi tarumbeta lile lenye vitufe vilaini kabla mwingine hajalichukua.

Matarumbeta yote kumi na moja yalikuwa mali ya Daktari Raphaeli. Alikuwa daktari wa hospitali ya mji, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa Igamba katika familia ya wakulima wa kahawa. Huko ndiko alikojifunza kupuliza tarumbeta kanisani akiwa na umri wa miaka tisa. Watu wa Tunduma walimfahamu kwa mambo mawili: akiitwa hospitalini hakukataa, na hakuweza kutembea hatua kumi bila kupiga mluzi. Mara nyingi alifika ukumbini akitoka wodini, koti lake jeupe limekunjwa ndani ya begi. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, kama anavyofanya kabla ya upasuaji, ndipo akagusa ala za muziki.

Bendi ilikuwa na watoto ishirini na wawili. Wapo waliokuwa watoto wa wakulima, wa madereva na wa wafanyabiashara. Ikram, msichana ambaye wazazi wake walihamia kutoka Tanga na kufungua duka la vitenge, alipiga ngoma ndogo kwa sababu matarumbeta hayakutosha. Wenzake walipopumzika, yeye alinakili nota katika daftari lake na kuziimba kwa kunong'ona.

Atuganile hakunakili kitu. Alikuwa msichana mwenye sikio la ajabu. Akisikia wimbo mara moja tu, aliupiga kama aliyezaliwa nao. Nota kwenye karatasi alizichukia. Alipozitazama aliona mbayuwayu waliotua kwenye nyaya za umeme. Daktari alipowapa ukurasa wa kujifunza, yeye alingoja Daktari aupige kwanza, kisha akamfuata kwa sikio kama wenzake wengi. Hakuna aliyegundua.

Wiki mbili kabla ya mashindano ya bendi za watoto mjini Vwawa, Daktari alimwita kando.

"Atuganile, kitabu cha nota umefikia wapi?"

"Nimemaliza, Daktari."

"Chote?"

"Chote."

Uso wa Daktari ulichangamka. "Vizuri sana. Unajua kila bendi itapewa karatasi ya wimbo ambao haijawahi kuusikia, na nusu saa ya kujifunza. Sasa najua nina msaidizi."

Atuganile alijiambia kwamba Daktari mwenyewe atakuwepo kusoma karatasi hiyo, kwa hiyo hakuna atakayeumia.

Jumamosi ya mashindano ilifika. Kabla ya saa mbili asubuhi watoto wote walikuwa wamejipanga mbele ya ukumbi, mashati meupe yamepigwa pasi, utepe wa buluu begani. Hakuna aliyeweza kusimama mahali pamoja. Lusubilo, mvulana mkubwa wa ngoma kubwa, alikuwa amekwisha kwenda msalani mara tatu. Mwalimu Priska, aliyekuwa anawasindikiza, alihesabu majina, na watoto wakapanda Coaster wakiimba.

Daktari alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya gari simu yake ilipoita. Alisikiliza. Kisha akasema, "Nakuja," akashusha mguu.

"Wanangu, kuna mama ameletwa kutoka Msangano," aliwaambia. "Mtoto amelala vibaya tumboni tangu jana. Daktari mwenzangu yuko chumba cha upasuaji na dereva aliyeumia. Sina budi kwenda."

"Na mashindano, Daktari?" Lusubilo aliuliza. "Hayawezi kusubiri."

"Hayawezi, kweli. Lakini nyinyi mnaweza kwenda bila mimi. Yule mama hawezi." Alitoa kijiti chake cha kuongozea bendi akamkabidhi Atuganile. "Utawasomea wenzako wimbo mpya. Wewe umemaliza kitabu."

Atuganile alipopata la kusema, Daktari alikuwa tayari amepanda bodaboda na kutokomea upande wa hospitali.

Njia nzima gari lilitikisika kwa nyimbo. Kina Lusubilo walipiga viti kwa viganja, na wapita njia waliwapungia mikono. Atuganile alikaa dirishani na kijiti, akitafuta kisingizio. Je, aseme kichwa kinamuuma? Aseme haoni vizuri?

"Nina hamu ya kuuona huo wimbo," alisema Ikram aliyekaa karibu naye. "Jana sikupata usingizi. Wewe je?"

"Hata mimi," Atuganile alijibu, na hilo lilikuwa kweli.

Uwanja wa Vwawa ulikuwa umefurika. Bendi nane zilipasha moto matarumbeta yao kwa wakati mmoja, kila moja na wimbo wake, na upepo wa milimani ukazichanganya nyimbo zote. Wazazi walipiga vigelegele kabla hata ya mashindano kuanza. Bendi ya Tunduma ilipoitwa, mwamuzi mmoja aliwaingiza darasani, akampa Atuganile karatasi, akatazama saa. "Dakika thelathini," alisema, akafunga mlango.

Watoto walimzunguka. Atuganile alitazama karatasi. Mbayuwayu wale wale, kwenye nyaya zile zile. Aliinua kijiti, akakishusha, akakiinua tena.

"Tuanze basi," alisema Lusubilo. "Tunangoja nini?"

Lilimjia wazo la kutunga wimbo wake mwenyewe. Wenzake wangeupiga bila kujua, na aibu ingewapata wote mbele ya waamuzi. Aliona jozi ishirini na moja za macho zikimtegemea.

"Siwezi kusoma," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akarudia kwa nguvu. "Siwezi kusoma nota. Nilimdanganya Daktari. Sikufika hata ukurasa wa tatu."

"Umetuponza, Atuganile," Lusubilo alisema taratibu, na maneno yale yalichoma kuliko kelele.

Mwalimu Priska alisogea mbele. "Lawama zina siku yake. Sasa tuna dakika ishirini na sita. Kuna anayeweza kusoma?"

Fimbo ya ngoma ndogo ikainuka nyuma ya wengine.

"Mimi naweza kuziimba, Mwalimu," alisema Ikram. "Lakini sijui kupuliza."

"Imba," alisema Atuganile, akinyakua tarumbeta lake. "Imba mstari mmoja, mimi nitaushika."

Ikram akaimba mstari wa kwanza huku kidole chake kikitembea juu ya karatasi. Atuganile akaupiga papo hapo. Waliokuwa na matarumbeta wakaurudia kwa kumfuata yeye. Mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Watoto walianza kutabasamu. Kwenye mstari wa sita Atuganile alikosea.

"Hapana," Ikram alimkatiza. "Hapo inapanda, haishuki."

"Mbona ikishuka inasikika vizuri?"

"Karatasi inasema inapanda."

Atuganile akapandisha. Wimbo mzima ukafunguka kama dirisha, na mtu fulani nyuma akacheka kwa furaha. Walirudia kuanzia mwanzo, mara mbili, mara tatu. Mlango ulipofunguliwa, Atuganile alimpa Ikram kijiti.

"Ongoza wewe. Wewe ndiye unayeijua njia."

"Na ngoma yangu?"

"Nitapiga zote mbili," alisema Lusubilo.

Waliingia uwanjani. Ikram, mdogo kuliko karibu wote, alisimama mbele ya umati na kuinua mkono. Matarumbeta yakalia pamoja. Lusubilo alipiga ngoma kubwa kwa mkono wa kulia na ndogo kwa mkono wa kushoto, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Walipofika mstari wa sita, sauti ikapanda pale inapotakiwa kupanda, na watu wakaanza kupiga makofi kufuata mapigo. Matokeo yalipotangazwa, Tunduma ilikuwa ya pili kati ya bendi nane. Walirukaruka mpaka tepe zikawadondoka.

Jioni, Coaster iliwapeleka hadi lango la hospitali. Daktari Raphaeli alitoka na nguo zake za kijani za upasuaji, macho mekundu kwa uchovu.

"Mama mzima, mtoto mzima. Ni msichana," alisema. "Na nyinyi?"

"Wa pili," walijibu kwa pamoja.

Daktari alicheka na kumgeukia Atuganile. "Hongera, msaidizi wangu. Ulifanyaje?"

Angeweza kunyamaza. Mwalimu Priska alimtazama tu. Atuganile alieleza yote: kitabu ambacho hakukisoma, uongo wake, na Ikram aliyewaokoa.

Daktari aliketi kwenye ukingo wa barabara, macho yake yakawa kimo kimoja na ya watoto.

"Ulinidanganya, na imeniuma," alisema. "Ningejua ukweli, ningemwandaa Ikram mapema. Sasa nami niwaambie langu. Leo, katikati ya upasuaji, niliona damu inatoka mahali nisipopaelewa. Wauguzi wote walinitazama mimi, kama wenzako walivyokutazama wewe. Nikamwomba mmoja wao ampigie simu daktari bingwa aliyeko Mbeya. Nikamwambia, 'Sijui damu hii inatoka wapi. Nisaidie.' Akanielekeza, na damu ikakoma. Kama ningeona aibu, mtoto yule angebaki bila mama."

Aliwatazama watoto mmoja mmoja.

"Kutojua si kosa, wanangu. Kila mtu ana asichokijua, hata daktari. Kosa ni kusema unajua ilhali hujui, maana hapo unamfungia mlango yule ambaye angekusaidia. Atuganile aliufunga kwa wiki mbili, lakini leo aliufungua mwenyewe, mbele ya wote, na hilo si jepesi. Jumanne utaanza ukurasa wa kwanza. Mwalimu wako atakuwa Ikram. Na wewe utamfundisha kupuliza tarumbeta."

"Ndiyo, Daktari," walijibu wasichana wote wawili.

Daktari alinyoosha miguu. "Haya, huo wimbo sijausikia bado. Nipigieni, ila taratibu. Humo ndani kuna mtu ana saa sita tu tangu azaliwe."