Mchuzi wa Oma Otylia

Kila Jumamosi asubuhi mimi na mama tulitoka kwetu, karibu na Bailey Avenue mjini Buffalo, Marekani, tukaenda nyumbani kwa Oma Otylia. Mama yangu, Vestine, alikuwa ameajiriwa kumtunza. Alimwogesha, akampikia, akamfulia nguo na kuhakikisha amemeza dawa zake. Baba alifanya kazi katika ghala moja huko Columbus na alikuja nyumbani mara mbili tu kwa mwezi, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kubaki nami. Richard, mtoto wa Oma, alikubali niwe ninafuatana na mama, mradi nisiguse vitu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijiona nina akili kuliko watu wote wa nyumba ile.

Oma alikuwa na miaka themanini na minne. Alizaliwa Silesia, kusini mwa Poland, na huko bibi mzaa baba au mzaa mama huitwa "oma". Alikuwa mkali. Ukimwambia kwamba Wapolandi wote hula chakula kimoja, angekukaripia kana kwamba umemtukana.

"Watu wa Warsaw wana vyakula vyao," aliniambia siku moja kwa Kiingereza chake kizito. "Sisi, Jumapili, ni vitu vitatu tu: rolada, kluski na kabichi nyekundu. Mengine ni kelele."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupika kluski. Unachemsha viazi, unaviponda, unavisawazisha kwenye bakuli, kisha unagawa kwa kisu mafungu manne. Fungu moja unalitoa, na pale palipobaki wazi unajaza unga wa wanga wa viazi mpaka palingane na mafungu mengine. Hakuna haja ya mizani. Kisha unalirudisha lile fungu, unakanda vyote pamoja, unafinyanga vidonge, na kila kidonge unakibonyeza katikati kwa kidole ili mchuzi upate pa kukaa.

"Hata sisi tunabonyeza ugali hivyohivyo," nilimwambia.

"Basi nyinyi ni watu wenye akili," alisema Oma. Nilifurahi wiki nzima.

Tatizo lilikuwa chumvi. Moyo wa Oma ulikuwa dhaifu, na kwenye mlango wa friji palibandikwa karatasi yenye maandishi mekundu: CHUMVI MARUFUKU. Mama aliifuata karatasi ile kama anavyofuata Biblia. Rolada ni nyama ya ng'ombe iliyopigwa ikawa nyembamba, ikapakwa haradali, ikawekewa kitunguu na kipande cha tango la chumvi, kisha ikakunjwa na kufungwa uzi. Jumamosi moja Oma aliitamani, na mama akaipika bila haradali, bila tango, bila hata punje ya chumvi. Oma alionja, akaweka uma mezani.

"Umenipikia maji ya kuoshea vyombo," alimwambia mama.

Mama alishuka chini kufua. Mlango ulipofungwa Oma alianza kulia. Sikuwahi kumwona mtu mzima kiasi kile akililia chakula.

"Isaro," aliniita. "Ndani ya kabati langu, chini ya kofia, kuna chupa ya matango ya chumvi. Chukua maji yake vijiko viwili, utie kwenye mchuzi. Viwili tu. Mama yako asijue."

Nilisitasita. Lakini kwetu sisi Wanyamulenge wa Kongo mtoto hamkatalii mzee anapomtuma. Tena mama mwenyewe hupenda kusimulia jinsi babu alivyowapa ng'ombe wake chumvi kule milimani Kivu, nao walivyokuwa wakimfuata wakiramba viganja vyake. Nikajiambia, kama ng'ombe hawakunyimwa, huyu bibi atanyimwaje? Nikatia vijiko viwili.

Oma alimaliza sahani yote. Mama alipopanda na kikapu cha nguo alipiga makofi, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa: "Amekula! Bon, Mungu iko muzuri!" Oma alinitazama akaweka kidole mdomoni. Baadaye aliniapisha nisimwambie mtu yeyote. Nikaapa.

Jumamosi ya pili nilitia vijiko vinne. Jumamosi ya tatu nilitia nusu kikombe, na matango yenyewe nikayakatakata ndani ya mchuzi.

Jioni ya siku hiyo mama alikuwa akimvua Oma soksi. Alibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, na shimo likabaki palepale. Akatazama kwa muda, kisha akaniita pembeni.

"Isaro, niambie kweli. Weye ulimupa huyu mama kitu gani? Chipsi? Mukate?"

"No, Mama," nilijibu. "Nothing."

Aliniamini. Akaandika kwenye daftari la kazi, kwa mkono wake: chakula bila chumvi, miguu imevimba. Akampigia simu muuguzi wa Oma. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nikiona kalamu yake ikiandika uongo wangu.

Jumapili Oma alishindwa kupumua. Gari la wagonjwa lilimchukua. Jumatatu Richard alipiga simu, na sauti yake niliisikia nikiwa mbali. Alisema daktari amekuta maji mengi mwilini, dawa ni zilezile, basi mama amemlisha nini? Kabla ya saa sita kampuni iliyomwajiri mama ilimsimamisha kazi. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Janga nililichuma mimi, na sahani ya kwanza akapewa mama.

Hakula mchana. Alikaa jikoni akiwa na sare yake ya kazi, akiongea na baba kwa simu.

"Banasema miye niko muongo," alisema. "Miaka ine, Gatera. Sijawahi kuiba hata kijiko. Leo miye niko muongo."

Hapo nilishindwa. Nilipiga magoti mbele yake nikamweleza yote: chupa, kofia, vijiko, kiapo. Nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Uso wake tu ulichoka ghafla, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

"Lakini wewe ulinifundisha mtoto hamkatalii mzee," nilisema nikilia.

"Vaa koti," alisema.

Hospitalini nilirudia maneno yaleyale mbele ya Richard na muuguzi wa wodi. Richard alinigeuzia mgongo. Muuguzi alikwenda haraka kumwita daktari, maana walikuwa wakijiandaa kuongeza dawa ya moyo, wakidhani ya zamani imeshindwa. Aliporudi alituambia kwamba dawa ile, ikiongezwa bila sababu, ingeweza kumdhuru Oma vibaya sana.

"Kwa nini hakuna aliyesema kwamba anakosa hamu ya kula?" aliuliza. "Kuna siki, kuna kitunguu saumu, kuna majani ya kukolezea. Tungemtafutia njia."

Njia ilikuwapo siku zote. Sikumuuliza mtu.

Oma alipona. Kampuni ilifuta neno "mwongo", ikampa mama mgonjwa mwingine upande wa Amherst, kwa sharti kwamba nisikanyage huko. Lakini Richard hakumrudisha Oma nyumbani. Alimpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa sababu, alisema, hawezi tena kumwamini mtu yeyote jikoni mle.

Tulikwenda kumtembelea mwezi uliofuata. Mbele yake palikuwa na sahani ya viazi vyeupe visivyo na harufu. Nilimwambia samahani. Alinitazama kwa macho makavu.

"Uliniahidi hutasema," alisema, kisha akageukia ukuta.

Ndani ya gari, kwenye maegesho, nililia mpaka kifua kikauma. "Nimesema kweli, Mama," nilisema. "Nimesema kweli na bado ananichukia."

Mama hakuwasha gari. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Bon. Weye ulifikiri kweli ni peremende, unaigawa ili batu bakupende?" alisema. "Muzee tunamuheshimu, ndiyo. Lakini mukubwa akikutuma kitu na kusema mama asijue, apo apo unakuja kwa mama. Iyo nilisahau kukufundisha, na kosa ile ni yangu." Akanigeukia. "Kama ungesema siku ya kwanza, Oma angekuwa kwake leo, anatutukana. Ulisema siku ya kumi na saba. Siku ya kumi na saba kweli iliweza kuokoa roho yake, donc, basi, tumushukuru Mungu. Lakini nyumba yake haikuweza kuiokoa."