Mwizi wa Vitu Vizito

Wazazi wenzangu, jioni za nyumbani kwetu zilikuwa tamu. Mume wangu, seremala, alikuwa ameacha kabisa kuzurura. Akifunga karakana anakuja moja kwa moja uani. Kaka yangu, fundi baiskeli, naye anafika mikono imejaa grisi. Mama mkwe anavuta kiti chake kivulini. Katikati yao yupo binti yangu, tunayemwita Sisimizi kwa kuwa tangu mdogo hubeba vitu vilivyomzidi. Kashika penseli, anawatuma watu wazima, nao wanatumika.

Walikuwa wanaunda gari la mteremko. Halina injini wala pedali. Unalisukuma mpaka kilimani, unaingia, mlima wenyewe unakushusha. Mtaani kwetu watu hushindana kwa magari hayo kwenye barabara ya tangi la maji.

Sisimizi alilichora kwa umbo la mbegu ya boga, nene mbele, nyembamba nyuma, ili upepo usipate pa kushika. Baba yake akazikunja mbao nyembamba kwa mvuke wa birika langu. Kaka akafunga magurudumu matatu ya baiskeli, usukani, na breki: ukikanyaga, kipande cha tairi kuukuu kinabana gurudumu la nyuma. Mimi nilishona kiti. Wakaliita Mbegu.

Walilijaribu kwenye mteremko mdogo nyuma ya karakana. Sisimizi akakanyaga, gari likasimama papo hapo.

"Breki hii nimeikaza kwa uzito huu," kaka alisema. "Ukiongeza kitu, shemeji, uniambie."

"Niongeze nini? Mimi seremala, si muuza vyuma."

"Nakujua wewe. Unajua gari zito ndilo linaloshuka mbio."

"Basi mpakieni bibi," mama mkwe akadakia. "Mtafika chini hata kabla hamjaanza!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Laiti tungeishia kwenye kicheko.

Baada ya hapo vitu vikaanza kupotea ndani ya nyumba. Kwanza pasi yangu ya mkaa. Nikatafuta uvunguni, nikatafuta jikoni, nikamuuliza jirani mpaka akanuna. Halafu jiwe tunalozuilia mlango. Halafu kinu cha chuma cha mama mkwe. Sasa jamani, huyu ni mwizi gani? Redio anaiacha mezani, anabeba jiwe!

"Umeazimisha ukasahau," mume wangu alisema bila kunitazama.

"Jiwe? Nani aibe jiwe, dada? Hebu pumzika," kaka akasema.

Mama mkwe ndiye aliyelalamika kuliko wote. "Mkwe wangu, kinu changu hakina miguu."

Nilichanganyikiwa. Nikaanza kujitilia shaka, nikadhani kichwa changu ndicho kinachovuja. Na kilichonitatiza zaidi ni furaha yao. Kila mmoja alitabasamu kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo.

Siku ya mashindano, mimi na Sisimizi tulilisukuma gari kilimani. Njiani akasimama, anahema.

"Mama, Mbegu amenenepa."

"Amekula nini?"

"Sijui. Juzi nilimsukuma peke yangu. Leo tuko wawili na pumzi zinaniisha."

Nilimwendea baba yake. Akasema huo ni woga wa mbio tu. Nikamwendea kaka. Akanikonyeza: "Usijali, dada, breki nimeikaza tena." Kama hakuna kilichoongezwa, nilijiuliza, amekaza tena kwa nini? Kabla sijamaliza kujiuliza, kipenga kililia.

Mbegu ilishuka kama jiwe lililorushwa. Iliyapita magari mengine yote. Mume wangu alirukaruka: "Mwanangu huyo! Mnamwona mwanangu?" Sisimizi akavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza kabisa, watu wakapiga vigelegele.

Lakini gari halikusimama.

Niliona moshi kwenye gurudumu la nyuma, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Likayapasua magunia ya unga wa mbao yaliyopangwa mwisho wa barabara. Mbele kulikuwa na watoto wanaotazama. Sisimizi akakata usukani kuwakwepa, gari likajibamiza kwenye ukuta wa soko.

Sikumbuki nilivyofika chini. Nakumbuka gari limepasuka katikati, na ndani yake pasi yangu. Chini ya kiti, jiwe la mlango. Na kinu kilikuwa bado kinabingirika, tukikitazama, mpaka kikagota kwenye mguu wa mama mkwe.

"Wewe pia?" mume wangu alimuuliza kaka.

"Breki nimeikaza kwa jiwe langu tu! Ningejuaje kuna pasi?"

"Pasi peke yake isingedhuru..." mume wangu akasema.

Mama mkwe aliinama akakishika kinu chake. "Mimi nilitaka mjukuu wangu, mke mwenzangu huyu, akishinda nimwambie, bibi yako ndiye aliyekusukuma."

Sisimizi alikuwa amelala kwenye unga wa mbao uliomwagika mpaka ukutani, mguu umepinda pasipo na kiungo. Alinishika kanga.

"Mama, nilikanyaga. Nilikanyaga mpaka mwisho. Waambie nilikanyaga."

Mguu umeunga, ingawa baridi ikija anachechemea. Kikombe cha ushindi kipo juu ya kabati na hakuna anayekifuta vumbi. Mimi mpaka leo sijui nimkasirikie nani. Mwizi ningejua la kumfanya. Lakini nyumba nzima ilimpenda, kila mmoja kwa siri yake, kila mmoja akitaka ushindi uwe umetoka mkononi mwake.

Sasa anataka kuunda gari jingine. Nikikataa, nahisi namvunja mguu wa pili. Nikikubali, silali. Juzi aliwapanga wote watatu uani, akaketi mbele yao na penseli. "Kila mtu aseme ameweka nini," alisema, "na mimi niinue kwanza." Mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, akatoa msumari mmoja mfukoni, akauweka mkononi mwa mtoto.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mkimsaidia mtoto, msaidieni huku mnaambizana. Msaada wa siri wa mtu mmoja unaweza kuwa mwepesi, lakini ukikutana na wa pili na wa tatu, anayeubeba ni mtoto. Na mtoto akisema kitu ni kizito, msimwambie ni woga. Simameni, fungueni, mtazame ndani. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kwetu nahodha alikuwa mmoja, naye ni mtoto. Sisi wakubwa tulikuwa shehena, na hakuna aliyemwambia.