Beleshi Lisilo na Mwenyewe

Wapo wanaosema mapenzi huanzia machoni. Haya yalianzia miguuni. Jumamosi hiyo stesheni ya zamani ilikuwa imefurika, watoto wanalilia aiskrimu, watu wanapiga picha, foleni ya tiketi imejikunja hadi barabarani. Binti aliyeitwa Makaa alishuka kutoka chumba cha dereva na kopo lake la mafuta akaona miguu ya mwanamume imechomoza chini ya kichwa cha treni. Viatu viling'aa. Soksi moja ilikuwa nyeusi, nyingine ya kijani.

"Wewe mwenye soksi za kuazima," akasema, "toka humo kabla sijakupika."

Miguu haikutikisika. "Nivumilie kidogo, dada," sauti ikajibu kwa upole. "Nimebakiza gurudumu moja."

Kichwa hicho cha treni kilikuwa cha mvuke, kikongwe, na wafanyakazi wote walikiita Ajuza. Enzi zake kilivuta mbao kutoka kiwandani hadi mjini, kwenye reli fupi ambayo mtu mwenye haraka angeimaliza kwa baiskeli. Kiwanda kilikufa, reli ikabaki, na sasa Ajuza aliwashwa mwisho wa wiki tu, kuwatembeza wageni. Dereva wake alikuwa mjomba wa Makaa. Makaa ndiye aliyechochea moto, na jina lilimganda kutokana na kazi hiyo. Hata dada yake mkubwa, msusi aliyeishi naye, alishasahau kumwita vingine.

Mwanamume alipotoka alikuwa ameshika futi, na shati lake lilikuwa jeupe mara ya mwisho asubuhi. Akaeleza kwamba anatengeneza michezo ya kompyuta, na kampuni yake imeruhusiwa kumuunda Ajuza upya ndani ya gemu la treni, ili mtu yeyote amwendeshe akiwa amekaa kwake. Ndiyo maana alitaka kupima kila msumari na kila bati lililobonyea. Makaa akamwonya kwamba mwanamke wa umri ule hapendi kupimwa kiuno. Yule bwana akamtazama Ajuza kwa makini, kisha akauliza kiuno ni sehemu ipi.

Kabla jua halijazama stesheni nzima ilikuwa inamwita Bwana Futi.

Vipimo viliisha, lakini Bwana Futi hakuisha. Alirudi kurekodi sauti ya moto. Akarudi na vifaa vidogo vya kumfungia Makaa mikononi na mabegani, vinavyonasa jinsi mwili unavyokwenda, ili gemu lijue namna mtu anavyotupa makaa. Makaa alikuwa na mtindo wake: anageuka, anarusha, halafu anagonga beleshi mara mbili kwenye mdomo wa tanuri. Kila jioni simu ililia, naye aliipokea akitembea, kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, mpaka dada yake akalalamika kwamba sakafu itatoboka. Makaa hakujaliwa kutulia, na huyu bwana alimzidishia.

"Leo umenipima nini?" angeuliza.

"Kiwiko. Kinapanda juu kuliko nilivyodhani."

"Ulidhani nini kingine?"

"Nilidhani nitafanya kazi jioni hii. Sasa nimekaa tu, nakitazama kiwiko chako."

Maneno kama hayo, mwenzangu, mtu wa kawaida huyasema kwa kubembeleza. Yeye aliyasema kama anayetoa taarifa, na ndiyo maana yalimwingia Makaa mpaka kwenye mifupa.

Siku moja wakigawana chungwa kwenye ngazi za Ajuza, Bwana Futi akasema chumba cha dereva hakiwezi kubaki kitupu. Aliomba amchore Makaa mzima mzima, kilemba chake chekundu, ovaroli na masizi yake.

Moyo wa Makaa uliruka. Alitaka. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. "Mimi?" akacheka, mkono tayari uko kwenye kilemba unakinyoosha. "Ili watu wanicheke? Usinitie humo, bwana."

Aliyelelewa kama Makaa angejua la kufanya. Kwao ukikaribishwa chakula unasema umeshiba, unabembelezwa, unaapa umeshiba, unabembelezwa tena, ndipo unanawa. Sitaki nataka. Lakini Bwana Futi aliitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa, nimekuelewa," na hakuwa ameelewa hata chembe.

Kuanzia hapo Makaa alikuja kazini na wanja machoni. Alinunua kilemba kipya, chekundu kuliko cha kwanza, akawa anakaa upande wenye mwanga ili achoreke vizuri. Bwana Futi alimsifu wanja, akaendelea na magurudumu yake. Makaa akajiambia kwamba anamchora kwa siri, anataka kumshtukiza. Akawatangazia ndugu na wateja wote wa dada yake: mtaniona.

Gemu lilizinduliwa kwenye ukumbi wa jengo moja la ghorofa katikati ya mji, wenye skrini pana ya ukuta mzima. Makaa alivaa gauni la zambarau lililomshika kiunoni na viatu virefu vilivyomfanya atembee kwa heshima. Dada yake alikuwa kushoto, shangazi wawili kulia. Taa zikazimwa, Ajuza akatokea, na ukumbi ukashusha pumzi. Alikuwa yeye kabisa, na bati lake lililobonyea, na kikohozi chake cha kuondokea.

Kisha picha ikaingia chumba cha dereva. Hakukuwa na mtu. Beleshi lilijiinua lenyewe kutoka sakafuni, likageuka, likarusha makaa motoni, likagonga mdomo wa tanuri mara mbili. Ukumbi ukacheka, ukadhani ni mzaha. Makaa aliona mabega yake, kiwiko chake na kugonga kwake, ila yeye mwenyewe hayumo.

"Uko wapi sasa?" shangazi mmoja akanong'ona.

Makaa alitoka kabla taa hazijawashwa. Aliumia, tena vibaya. Aliona ametumiwa: mtu amechukua mikono yake akaacha sura, kama anayemenya chungwa.

Bwana Futi akapiga simu. Akauliza kama amekasirika, akajibiwa hajakasirika. Akauliza aje, akajibiwa asije. Hakuja. Makaa akashinda siku hizo akifungua mlango na kuufunga, akiiweka simu chini na kuiokota, akianza kufua na kuacha nguo kwenye maji. Hatimaye ukaja ujumbe: kampuni inampeleka mji mwingine, mbali, kwenye kichwa kingine cha treni, na kazi hiyo ni ya muda mrefu. Anaondoka Jumapili. "Ukitaka nibaki, niambie, nitabaki. Usiponiambia sitakusumbua tena."

Dada yake aliusoma huku anamsuka mteja.

"Mjibu."

"Kwani hajui?"

"Ajuaje? Yule akiambiwa asubiri kidogo anauliza dakika ngapi. Wewe una njaa, mpishi anakuuliza, unasema umeshiba. Kaondoa sahani. Kosa la nani?"

Mteja naye akasema kosa si la mpishi. Makaa aliandika neno moja akalifuta, akaandika tena, akafuta. Mwanamke kusema nataka, wazi namna hiyo, kama anaagiza sukari dukani! Jumapili ikafika hajamjibu.

Siku hiyo alitia makaa kama mtu anayegombana na tanuri. Mabehewa yalijaa, jukwaa limejaa waagaji, na mjomba akamuuliza kama ana mpango wa kuipika dunia nzima. Hakusikia. Presha ilipanda hadi valvu ya usalama juu ya boila ikafunguka na mvuke ukatoka kwa ngurumo iliyomeza karibu kila sauti. Hapo ndipo alipomwona Bwana Futi, begi begani, amekuja kurudisha taa ya mjomba aliyoiazima wakati wa vipimo, ameishika mbele yake kwa mikono miwili. Soksi zake zilifanana. Kumbe hata soksi zinaweza kumtia mtu huzuni.

Makaa aliinama dirishani. Ikabidi wapige kelele ili wasikilizane.

"Mbona hukunitia kwenye gemu?"

"Ulisema nisikutie!"

"Nilitaka uniombe tena!"

Uso wake ulionyesha mshangao wa kweli. "Sikujua kuna tena!"

"Na mbona hukumweka mtu mwingine?"

"Waliniambia niweke. Nilikataa. Pale ni pako."

Makaa akashika ukingo wa dirisha. Ulimi wake, kwa mazoea, ulikuwa tayari na "haya, safari njema." Aliusikia ukijiandaa, na akajua kwamba akiuachia, mtu huyu ataamini, ataweka taa chini na ataondoka kweli.

"Usiende," akasema.

Bwana Futi akaweka mkono sikioni.

"Nataka ubaki!"

Akatikisa kichwa, hasikii; ngurumo ya mvuke ilikuwa imezidi. Nyuma ya Makaa mjomba, aliyechoshwa na kelele, alifungulia maji ya baridi yaingie kwenye boila. Presha ikashuka, valvu ikajifunga ghafla, na stesheni yote ikanyamaza wakati Makaa amekwisha kuvuta pumzi.

"NATAKA UNIOE!"

Ilisikika hadi kwenye foleni ya tiketi. Mtoto mmoja alidondosha aiskrimu. Makaa alihisi uso unamuungua kuliko tanuri, lakini hakulirudisha neno, wala hakucheka, wala hakusema ni utani.

Bwana Futi alisimama akilipima neno hilo, kama anavyopima kila kitu.

"Lini?" akauliza.

"Mapema."

"Mapema ni..."

"Mwezi huu."

Akatua begi, akaweka taa juu yake, akashika ngazi za Ajuza. Mjomba akamzuia kwa mkono: sheria ni sheria, abiria wanakaa nyuma.

"Huyu si abiria, mjomba," akasema Makaa, akamvuta juu.