Ngoma Iliyochukuliwa Kabla ya Arubaini

Masika yale ngoma zote za kikundi cha Bi Ummkulthum zililegea, isipokuwa ya Salhiya.

Mvua ikikaza, ngozi hunywa unyevu na sauti hufa. Kwa hiyo kabla ya mazoezi wanawake walikoka moto wa makuti uani kwa Bi Ummkulthum, Kikwajuni, wakazigeuzageuza ngoma zao mbele ya moto mpaka zikaze. Salhiya naye akasogea na yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mdogo kuliko wote, na alitaka kufanya kila walichofanya wakubwa. Bi Ummkulthum akaigusa ngozi kwa kiganja aone imelegea kiasi gani, kisha akauondoa mkono haraka.

Ngozi ilikuwa imekaza, na ilikuwa na joto. Halikuwa joto la moto. Lilikuwa kama la paji la uso la mtu mwenye homa.

"Umeianika wapi, na jua siku nne hatujaliona?"

Salhiya akasema hakuianika. Ilikuwa chini ya kitanda chake tangu jana.

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema labda mtoto kalala kaifunga mbeleko. Bi Ummkulthum hakucheka, lakini alimwacha apige. Harusi zilikuwa nyingi mwezi ule na alihitaji mikono.

Salhiya alianza kupiga ngoma kabla hajajua kusema vizuri. Alipiga sufuria, akapiga ndoo, akapiga bati la banda la kuku mpaka kuku wakaacha kutaga. Skuli alipiga meza, akapigwa yeye. Kwenye harusi watoto wenzake walikimbilia kumtazama bibi harusi, yeye alikaa chini mbele ya wapigaji akitazama vidole vyao. Mama yake, Tabia, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu mwili wake hulala lakini vidole havilali.

Kikundi cha Bi Ummkulthum kilikuwa na sharti moja. Anayetaka kufundishwa aje na ngoma yake, kwa sababu mpigaji haazimi ngoma kama vile mtu haazimi mswaki. Salhiya alimwomba baba yake ngoma kwa miaka minne. Baba yake, Ubwa, alikuwa fundi seremala wa milango Mji Mkongwe. Kila mwaka alisema, "Ntakuchongea, mwanangu," na kila mwaka kulikuwa na mlango wa mtu mwingine wa kuchongwa kwanza.

Mwaka huo shangazi yake Ubwa, Bi Mwanapili, akafariki kijijini Muyuni. Bi Mwanapili alikuwa kiti, yaani mtu ambaye jini humpanda kichwani na kusema kwa kinywa chake, na alikuwa kiti kwa zaidi ya miaka arubaini. Alipotaka kumwita jini wake alipiga ngoma ndogo ya kuweka mapajani, ya mti wa mfenesi, iliyowambwa ngozi pande mbili. Ngoma ile ilikuwa ikining'inia ukutani chumbani kwake.

Siku ya saba ya msiba Ubwa aliiangua.

Mzee Mkadam, mganga aliyekuwa akimhudumia marehemu, alimkuta nayo mlangoni. Akamwambia kwa upole kwamba ngoma ya kiti haitoki nyumbani kabla ya arubaini. Siku hiyo huwekwa juu ya mkeka, hufukizwa ubani, na mtu wa damu yake huiambia mara tatu kwamba mwenyewe amekufa. Kisha kamba zake hukatwa. Bila ya hivyo aliyomo hajui. Atakaa kusubiri.

"Kwani Mzee Mkadam, ngoma nayo inakaa eda?" Ubwa alisema, na vijana waliokuwa barazani wakacheka.

Mzee Mkadam akamjibu kwamba naam, inakaa eda, na mjane huyu ana wivu. Ubwa aliiona kuwa ni mti na ngozi tu, na yeye miti aliijua. Aliifunga kwenye kanga akarudi nayo mjini. Salhiya alipoifungua aliibusu mikono ya baba yake, na Ubwa akajiona kuwa ni baba mwema.

Wiki za mwanzo zilikuwa za furaha, na hilo ndilo linaloumiza. Bi Ummkulthum alimfundisha pigo moja Jumatatu, Jumatano mtoto akaja nalo limenyooka. Wiki ya tatu alipiga pigo ambalo hakufundishwa na mtu. Wanawake waliacha kupiga mmoja mmoja, mpaka ikabaki ngoma yake peke yake uani. Bi Ummkulthum alimrekodi kwa simu. Alipoisikiliza nyumbani aliirudia mara mbili, kisha akavaa buibui akaipeleka kwa Tabia. Waliisikiliza pamoja jikoni wameinamisha vichwa. Katikati ya mapigo ya mtoto kulikuwa na ngoma nyingine ikiitikia, nzito, kama inapigwa chini ya sakafu.

"Siku ile mlikuwa wangapi mnapiga?" Tabia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yeye tu," alisema Bi Ummkulthum. "Sisi tulikuwa tushanyamaza."

Hawakumwambia Ubwa. Tabia aliogopa kuonekana mshamba, na Bi Ummkulthum aliogopa kumkosa mpigaji.

Siku iliyofuata, adhuhuri, saa ambayo jua linakuwa utosini na hata paka hawatembei, Salhiya alikuwa peke yake chumbani. Akasikia harufu ya udi, na udi haukuwashwa. Kisha akasikia mtu akiita, si kwa nguvu, kama mtu anavyomwita mwenzake aliye chumba cha pili.

"Mwanapili."

Halikuwa jina lake, akanyamaza. Siku ya pili, saa ile ile, sauti iliita tena. Siku ya tatu iliita mara nyingi, nayo ilikuwa imechoka, na ilitoka chini ya kitanda ambako hakukuwa na kitu ila ngoma. Salhiya alikuwa mtoto aliyelelewa, tangu mdogo alifundishwa kwamba mkubwa akiita huitikiwa, na kwamba kumwacha mtu mzima aite mpaka koo likauke ni utovu wa adabu unaostahili fimbo, na sauti ile ilikuwa ya mtu mzima, tena yenye huzuni, ikiita kama mtu aliyeachwa kwenye nyumba iliyofungwa asijue waliomo wamekwenda wapi, basi ulimi wake ukatangulia kabla ya akili.

"Naam," alisema.

Sauti ikanyamaza. Chini ya kitanda ngozi ya ngoma ikavuta pumzi.

Tangu siku hiyo Salhiya alikataa chumvi. Alianza kusema Kikae cha watu wa kusini, lahaja ambayo hakuwahi kufundishwa, akiwauliza watu habari za mashamba yaliyouzwa kabla hajazaliwa. Adhuhuri alijifungia na kupiga, na Tabia alipochungulia kwenye ufa wa mlango alimwona mwanawe amefumba macho, uso umekunjamana kama wa kizee, mikono yake miwili ikipiga upande mmoja wa ngoma, na upande wa pili ngozi ikibonyea na kurudi, ikibonyea na kurudi, kama inapigwa na vidole ambavyo havikuwepo. Katika mtihani wa skuli alipiga meza kwa saa nzima bila kuandika neno, na watoto wawili wakaanguka wakipiga kelele. Mwalimu akamwita Ubwa na kumwomba, kwa maneno mazuri, ampumzishe mtoto nyumbani. Salhiya hakurudi tena skuli.

Hapo ndipo Ubwa alipokwenda Muyuni. Mzee Mkadam alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakumkumbusha alichomwambia.

Alikuja nyumbani kwa Ubwa, Kikwajuni, siku ya pili baada ya sala ya alasiri. Alitandika mkeka mpya, akaweka ngoma katikati, akawasha chetezo. Ubwa na Tabia walikaa upande mmoja. Bi Ummkulthum aliombwa aje kwa sababu aliwahi kuigusa ngoma, naye akakaa karibu na mlango. Mganga akamwuliza Salhiya kama aliiitikia ile sauti, mtoto akakiri, naye akamwambia kwamba, kwa kuwa yeye ni damu ya marehemu na yeye ndiye aliyeitika, yeye ndiye wa kusema.

"Utaiambia maneno mawili tu, mara tatu. Mwanapili amekufa. Ukiulizwa lolote, usijibu. Hata ukisikia uongo, uache upite."

Salhiya akauliza iwapo baadaye ataweza kupiga tena.

"Hii, hapana. Wala nyingine," alisema Mzee Mkadam. "Akiondoka, usimpe mlango wa kurudia."

Mtoto akamtazama baba yake, na Ubwa akatazama mkeka. Akamtazama mwalimu wake, na Bi Ummkulthum naye akatazama mkeka. Salhiya akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema amekubali.

Alisema mara ya kwanza, moshi wa ubani ukainama. Alisema mara ya pili, na ngozi ya ngoma ikaanza kutetemeka, ikatoa mlio mwembamba kama wa mtu anayelia huku amejiziba mdomo. Aliposema mara ya tatu mlio ukakatika, na chumba kikawa kizito, na ile sauti iliyokuwa ikiita adhuhuri ikasema kutoka ndani ya mti, taratibu, kila mtu akiisikia.

"Amekufa tangu lini?"

Mzee Mkadam alishika kisu tayari kwenye kamba.

"Basi siku zote hizi nani alikuwa akinipigia?"

Salhiya aliuma mdomo. Sauti ikangoja, kisha ikaanza kuzunguka chumbani, kutoka kwenye ngoma mpaka kwenye dari, kutoka kwenye dari mpaka mlangoni, na ilipofika mlangoni ikatulia, na harufu ya udi ikawa kali mpaka macho yakawatoka machozi.

"Nishamjua. Ni huyu mwanamke mwenye kikundi. Mikono kama ile haiwezi kuwa ya mtu mwingine. Amenipigia pigo ambalo Mwanapili alilijua baada ya miaka ishirini. Ummkulthum, nimekupenda wewe."

Bi Ummkulthum aligeuka rangi. Angeweza kusema kwamba siye, lakini midomo yake ilicheza tu, haikutoa neno, na hakumtazama mtoto.

Kisu kilikuwa kimeshakata kamba tatu, zilibaki mbili. Tabia alimshika mwanawe mkono, akaubana, akimwomba kwa macho anyamaze, na Salhiya alijua vizuri alichoambiwa, lakini alikuwa amepigwa kwa ajili ya meza ya skuli na kwa ajili ya bati la kuku, alikuwa amesubiri miaka minne, alikuwa amekubali kuacha kila kitu mbele ya watu wawili waliotazama chini, na sasa kitu pekee alichowahi kukifanya vizuri kuliko mtu yeyote duniani kilikuwa kinapewa mtu mwingine, na mtu huyo anakipokea kwa kunyamaza.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Mimi Salhiya binti Ubwa."

Kamba ya mwisho ikakatika. Ngozi ikaanguka kwenye mkeka, imelegea, baridi kama ngozi yoyote. Ndani ya mti hamkuwa na kitu. Mzee Mkadam alikiweka kisu chini, akakaa akiitazama mikono yake. Ubwa aliuliza kama imekwisha, akauliza tena, na mganga akamwambia kwamba ngoma imekwisha, ndiyo.

Salhiya alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, akitabasamu tabasamu lisilokuwa lake.

Jioni ile Ubwa aliupasua ule mti wa mfenesi kwa shoka akauchoma. Haikusaidia. Jini hakuhitaji tena mti, alikuwa na jina. Mzee Mkadam alikuja mara saba zaidi, kisha akasema kwamba lililobaki ni kumtunza, kumpa anachotaka kwa wakati wake ili asimvunje mtoto. Kikundi hakikumtaka tena kwenye harusi. Watu waliosikia habari walisema alifanya vile kumwokoa mwalimu wake, wakamsifu, na Tabia hakuwasahihisha.

Sasa ana miaka kumi na sita. Kila Alkhamisi, alasiri, wanawake hufika na shida zao na kuvua viatu mlangoni. Wapigaji ni wale wale wa Kikwajuni. Bi Ummkulthum huingia wa kwanza na ngoma zake, hupiga magoti mbele ya mtoto aliyemfundisha pigo la kwanza, na kusema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, Bi."

"Marahaba," hujibu sauti nzito kutoka kinywani mwa Salhiya.

Kisha ngoma huanza. Wanaosikia wanasema hakuna ngoma nzuri kama zile Unguja nzima. Zote anapigiwa yeye, na katika nyumba ile yeye peke yake ndiye asiyezisikia, kwa sababu zikianza tu yeye huondoka, na akirudi hukuta watu wameshavaa viatu, mikono imemlala mapajani, na mama yake anampangusa jasho.

"Leo wamepiga nini, mama?" huuliza.

Tabia hajui majina ya ngoma. Humwambia wamepiga vizuri.